Nyumba Inauzwa, Marehemu Hajulikani

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimekataa milioni arobaini na nane. Nimezikataa kwa tabasamu, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai.

Mteja ni Mzee Asheri, mstaafu kutoka Amani, alikuwa bwana miti huko msituni. Kaja na mkewe, Mama Praxeda, mwanamke mpole anayegonga kuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayepima kifua. Kosa langu la kwanza nilimwamkia mzee shikamoo. Ilibidi, kanizidi umri. Lakini ukishampa mtu shikamoo, kumtajia bei kavukavu kunakuwa utovu wa adabu. Nilitaja hamsini na tano huku natazama ndala zangu. Yeye akataja arobaini na nane akinitazama usoni. Nikasema nitafikiri. Yasini, dalali wangu, akakohoa. Nikasema tena nitafikiri.

Hesabu yangu ni hii. Mtu anayetaja arobaini na nane siku ya kwanza, hamsini na mbili anazo. Elimu hii sikuipata shule. Nimeipata ghalani, miaka thelathini nikipokea mkonge na kuwaangalia watu wanavyodanganya uzito.

Mastura hajui. Alikuwa Muheza kwa binti yetu Hafsa, ambako huenda kila Alhamisi na kurudi Jumamosi jioni, tangu Hafsa ajifungue mapacha. Nimemwambia wateja walikuja, wakasifu dari, wakaondoka. Kila neno ni kweli.

Niandike na hili, nisije nikajidanganya. Mke wangu ameshasema mwisho wa mwezi anahamia Muheza, nyumba hii ya Usagara iuzwe isiuzwe. Nyuma ya kwa Hafsa kuna nyumba ndogo ya fundi seremala mmoja, Noa. Noa kaahidi kutushikia hadi Jumamosi ya tarehe thelathini. Ikipita hapo anampa mwingine. Mastura hakugomba. Alisema tu: "Baba Hafsa, wajukuu wanakua. Ikifika tarehe thelathini hatuna pa kwetu kule, mimi nitalala chumba cha watoto. Kitanda chenyewe ni cha mtu mmoja."

Miaka thelathini na moja ya ndoa, na notisi nimepewa kwa kipimo cha kitanda.

Siku ishirini na moja. Muda upo.

Jumatatu, 11 Agosti

Yasini kapiga simu mara tatu. Sikupokea. Mteja akikuona huna haraka, haraka inamhamia yeye. Nimekaa juu ya simu ili nisiione. Kila ikitetemeka natetemeka nayo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepokea. Mzee Asheri hakumtuma Yasini kuongeza bei. Alimtuma kuuliza ile harufu ni ya nini.

Harufu ni ya Uweso. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mstaafu wa reli, anakausha papa juu ya ukuta wetu tangu nimjue. Mimi siinusi tena. Yasini anasema hilo ndilo kosa la wauzaji wote, mwenye nyumba hana pua. Wanarudi kuangalia tena Ijumaa.

Nikaenda kwa Uweso. Nikamwomba, kwa adabu zote, awaondoe papa hadi Ijumaa jioni. Akaniuliza nyumba yangu ikiuzwa ghali yeye atapata nini. Nikamwambia atapata jirani mwema.

"Kwani huyu wa sasa ana kasoro gani?" akauliza.

Hakucheka. Uweso akikutukana hacheki.

Usiku nimesoma kwenye simu kwamba Ulaya, mnunuzi akija, mwenye nyumba anaoka mkate. Mgeni ananusa, moyo unalainika, bei inapanda yenyewe. Sina tanuri. Lakini hii ni Tanga. Tuna vyetu vya kunukisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilinunua ubani nusu kilo, Ngamiani. Vyetezo vitatu: viwili vyetu, cha tatu nimeazima kwa Mwatumu wa nyumba ya kona, mwenyekiti wa chama cha wanawake cha kuzikana. Nikafukiza sebule, vyumba vyote vitatu, ukumbi, jiko na stoo. Papa akafa mara ya pili. Nilisimama katikati ya wingu nikajiona mtu mwenye akili.

Mama Praxeda akapiga chafya mlangoni. Mzee Asheri akavua kofia, akabaki nayo mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna shughuli. Nikamwambia hakuna, ni kupendezesha tu. Vyumba vyote? Vyote. Hata stoo?

"Hata stoo," nikasema kwa fahari.

Yasini akanivuta uani. Uso umempauka. Akanisomea somo ambalo kila mtoto wa Tanga analijua. Udi sebuleni, una mgeni. Udi chumbani, una mke. Ubani mpaka stoo, mchana wa jua kali, kuna asiyeonekana mle ndani na anaombwa atulie.

Nimezaliwa Tanga miaka hamsini na tisa iliyopita. Nililisahau hilo kwa ajili ya mkate wa Ulaya.

Jioni ujumbe wa Yasini: wamesema arobaini na tatu. Sikula.

Jumapili, 17 Agosti

Mwatumu kafuata chetezo chake. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti akakipokea kwa kitambaa, kama mtu anayepokea kaa la moto.

Msikitini baada ya Magharibi mzee mmoja akanishika bega, akaniuliza kwa huruma: "Yuko mmoja, au wana familia?"

Mastura karudi jana, akauliza mbona mashuka yananuka ubani. Nikamwambia mbu wamezidi.

Jumanne, 19 Agosti

Uvumi hauondoki ila kwa shahidi. Nikamchagua Uweso, kwa kuwa ndiye wa karibu na kwa kuwa kila mtu anajua hanipendi. Shahidi asiyekupenda ana uzito. Nikampelekea kahawa ya kusaga. Akakubali upesi mno, ningepaswa kushtuka.

Yasini akampitisha Mzee Asheri. Uweso akaegemea ukuta, papa juu ya kichwa chake, akatoa ushahidi. Ameishi hapa miaka ishirini na miwili, akasema. Hakuna jini. Na kama wapo, ni watulivu, hawajamgusa mtu. Ila yule mpangaji.

Sijawahi kuwa na mpangaji.

Mzee alipoondoka nikamwuliza Uweso mpangaji katoka wapi. Akasema hadithi isiyo na aliyeumia haiaminiki, alitaka kuipa nguvu. Na kahawa yenyewe ilikuwa imechanganywa na mahindi.

Arobaini.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeamka nimemkuta Mastura anakunja khanga na kuzipanga kwenye sanduku. Zake tu. Nikamwuliza zangu. Akasema yeye hajui mimi naenda wapi.

Siku kumi. Ningeweza kumwambia sasa hivi kuhusu zile arobaini na nane. Nilikaa karibu naye, nikafungua mdomo, nikasifu khanga ya kisutu.

Alhamisi, 21 Agosti

Mastura kaenda Muheza. Sanduku kaliacha. Nimelifungua kuhakikisha kwamba limejaa. Limejaa.

Yasini alikuja, akasema maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya bili ya maji. Bei ya nyumba haikai kwenye tofali. Inakaa puani, masikioni, na midomoni mwa majirani. Halafu inakaa kwa mnunuzi wa pili. Mteja mmoja anajiona bwana harusi. Mweke wa pili pembeni, mahari inapanda.

Sina mnunuzi wa pili. Lakini kama wa pili anapandisha, je, kumi na wanne?

Asheri na mkewe wanakuja mara ya mwisho Jumamosi saa nne. Mastura harudi mpaka jioni. Kila kitu kimekaa mahali pake. Nimelala vizuri, mara ya kwanza wiki hii. Nusu saa.

Jumamosi, 23 Agosti

Nitaandika kama ilivyokwenda.

Saa tatu turubai likasimama mbele ya nyumba. La bluu, la kukodi, na viti thelathini vya plastiki. Wazee wa kijiwe cha kahawa walikuwa wamekubali kuja wakae, Uweso akiwa mkubwa wao. Niliwapa masharti. Kanzu safi. Wasicheke, wasicheze bao, wasizungumze siasa. Wakae kama watu wenye jambo zito kifuani, kila mmoja akiitamani nyumba kimyakimya. Malipo ni kahawa na kashata.

Walitii. Sijaona wanaume wakitii namna ile. Watu kumi na wanne, kanzu nyeupe, vichwa chini, turubai la bluu, mlango wa nyumba wazi.

Saa tatu na robo kijana wa bodaboda alipita, akapunguza mwendo, akavua helmeti. Hapo ningepaswa kuelewa. Nilidhani anaiheshimu nyumba.

Saa tatu na nusu Mwatumu akachomoza konani na wanawake tisa. Khanga wamejitanda. Mmoja ana sufuria kubwa kichwani, mwingine kuni, wawili wamebeba mkeka. Hawakuniuliza kitu. Walipita ubavuni mwangu kama maji yanavyopita jiwe. Yale majini ya stoo waliyokuwa wanayaogopa tangu Ijumaa ya wiki iliyopita, leo hakuna aliyeyakumbuka. Nikasikia mafiga yanapangwa uani. Halafu kilio.

Mwatumu akanijia, macho mekundu. "Pole, Baba Hafsa. Nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa fupi kama kupumua mara moja. Nikaipumua.

"Ami yangu," nikasema.

Ami yupi? Wa Moa. Anazikwa saa ngapi? Kashazikwa. Lini? Jana. Mbona hukutuambia?

"Sikutaka kuwasumbua."

Hilo ndilo lililoharibu kabisa. Mwatumu akageuka akawatangazia wenzake kwamba mtu huyu kazika ami yake peke yake kwa kuogopa kutusumbua. Kilio kikapanda daraja. Nyumba za nyuma wakaja. Wakaja wa ng'ambo ya barabara. Sukari, unga, mchele, vikombe vilivyoandikwa majina chini. Kufika saa nne kasorobo viti thelathini havikutosha.

Uweso aliinua kichwa, akanitazama kwa muda mrefu. Alijua. Anajua sina ami Moa, tumewahi kugombana kuhusu ukoo wangu. Kisha akanyanyua mikono, akaanza Fatiha kwa sauti kuliko wote. Nilipompitishia kahawa akaninong'oneza kwamba thawabu haipotei, itamfikia ami wa mtu mwingine.

Mzee Asheri na mkewe wakafika. Mzee akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipa pole, akaenda kukaa. Mama Praxeda akavishwa khanga na mtu asiyemjua, akasogezewa ungo, akakaa mkekani kuchambua mchele. Yasini alibaki barabarani, mikono kichwani. Watu waliokuwa wakipita wakamwambia ajikaze.

Saa tano Mastura akarudi.

Kapata lifti ya mapema. Akashuka konani, akaona turubai mbele ya nyumba yake. Kapu likamponyoka. Machungwa ya Muheza yakaviringika hadi miguuni mwa wazee. Wanawake wakamdaka, wakaanza kumbembeleza, na yeye anauliza neno moja tu. "Baba Hafsa? Baba Hafsa?" Na wao, kwa kuwa wanalia, hawajibu.

Nikatokea na birika.

Akaniona. Uso ukafunguka, sijauona hivyo tangu Hafsa azaliwe. Kisha akatazama viti. Akamtazama Uweso. Akatazama birika. Ukajifunga.

Alijitanda khanga, akaenda kukaa mkekani, ubavuni mwa Mama Praxeda. Baadaye nikapita na ndoo ya maji, nikasikia Mama Praxeda akimwambia kwa upole kwamba Mungu hupanga, maana wao nyumba waliipenda siku ya kwanza, arobaini na nane zilikuwa tayari benki, ila mzee wako akasema atafikiri.

Mkono wa Mastura ukasimama juu ya ungo. Akaokota kokoto moja. Akaiweka kando, taratibu sana.

Nilibaki nimesimama na ndoo mpaka mtu akanipokea.

Jumapili, 24 Agosti

Mastura kafua. Kapika. Kanipakulia, tena nyama kaniwekea mimi. Hasemi. Ningelipa fedha anigombeze.

Yasini kasema Mzee Asheri sasa anasitasita, nyumba ina jini na ina msiba mbichi, labda thelathini na nane. Nikasema nakubali. Nikasema mara mbili, mbio mbio. Yasini akasema haitasaidia. Mama Hafsa kampigia alfajiri, kamwambia neno lolote kutoka kwangu alihesabu kama halikusemwa.

Saa mbili usiku Mastura akazungumza. Sentensi moja. "Kesho utakwenda kwa Mwatumu, utamwambia ami wako alikuwa nani."

Jumatatu, 25 Agosti

Nimekwenda. Nimesema.

Mwatumu alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna. Nilipomaliza akaniuliza kama kuna mtu yeyote, popote, aliyekufa hata kidogo. Nikasema hakuna.

Akachukua daftari la chama. Akaniambia kila nyumba ina haki zake za msiba kwa mwaka, na ya kwangu imeshatumika moja, kuni na mchele vimeliwa, haviwezi kurudi. "Kwa hiyo ukifa wewe mwaka huu," akasema, "mkeo anaanzia wa pili." Akanipa vikombe kumi na saba nivirudishe kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, na kila mlango nieleze.

Milango kumi na miwili. Wa tano alicheka mpaka akakaa chini. Wa saba hakucheka. Alisema alilia kwa kumkumbuka mama yake, akachukua kikombe chake akafunga mlango. Huyo ndiye nimelala naye moyoni.

Jumatano, 27 Agosti

Siku tatu. Mastura anazungumza kwenye simu uani, akiniona anahamia upande wa mlimau. Nimehesabu simu sita.

Nimeona nisikae bure. Nimempigia Noa wa Muheza kumtahadharisha, kama rafiki, kwamba yule mteja wake mwingine si mwaminifu, nimepata habari zake. Mteja wake mwingine ni shemeji yake. Alikuwa amekaa pembeni yake, na simu iko kwenye spika.

Noa alinishukuru. Watu wa Muheza wana adabu inayotisha.

Alhamisi, 28 Agosti

Asubuhi Mastura kanitupia shati jeupe kitandani. Akasema nivae, na huko tuendako nisiseme kitu.

Ofisi ya serikali ya mtaa. Mzee Asheri yuko, Mama Praxeda yuko, Yasini yuko, Mwatumu na Uweso wamekaa benchi la mashahidi. Mwenyekiti akasoma karatasi. Nyumba, kisima, mlimau, ukuta wa pamoja na papa zake. Milioni arobaini na nane.

Nilidhani kakosea kusoma.

Mama Praxeda akaeleza, akimwambia Mastura zaidi kuliko mimi. Mwaka mzima wamepanga upande wa kuta ndefu na mageti. Watoto wao, Robert na Precious, wako Mwanza na Dodoma. Mwezi wa tatu mzee aliugua siku nne kitandani, na mtu pekee aliyegonga geti alikuwa msoma mita. Jumamosi wakaja kuangalia nyumba kwa mara ya mwisho, wakakuta mtaa mzima mkekani. Yeye aliwekewa ungo mapajani kabla hajasema jina lake.

Mastura alikuwa ameshamwambia ukweli, kwamba hakuna aliyekufa. Mama Praxeda akasema ndiyo hasa. "Kama hawa wanamlia mtu ambaye hakuwepo," akasema, "sisi tuliopo watatufanyaje?"

Ndiyo maana bei ikarudi. Kulikuwa na sharti moja, kwamba Mwatumu awaandike kwenye chama. Mwatumu akasema Walutheri hajawahi kuwaandika, lakini sufuria haliulizi mtu anasali wapi, na jina la Mzee Asheri akaliandika palepale chini ya langu lililokatwa. Kuhusu jini, mzee alisema amelala msituni Amani miaka thelathini, kama yupo atafute pa kujibana. Kuhusu papa, alimwomba Uweso amfundishe.

Nikafikiri. Arobaini na nane ilikuwa bei ya nyumba tupu, kabla ya majirani. Sasa inauzwa nyumba na majirani. Hivyo ni vitu viwili. Nikafungua mdomo.

Mastura akanitia kalamu mkononi.

Nikasaini.

Jumamosi, 30 Agosti

Tumemlipa Noa, tumepewa funguo. Shemeji yake alinisaidia kubeba kabati, akaniuliza njia nzima ni habari gani nilizopata.

Uweso aliniaga kabla hatujaondoka. Kanifungia kipande cha papa kwenye gazeti. Macho yake mekundu. Akasema ni chumvi. Akasema pia kwamba ukuta utakuwa kimya, na kwamba hilo ni jambo jema, na akaingia ndani bila kumaliza.

Mwatumu alimkumbatia Mastura muda mrefu. Mimi alinipa mkono. Akasema niishi.

Jumatatu, 1 Septemba, Muheza

Asubuhi Mastura alikuwa barazani na mapacha, mmoja kila goti, anawaimbia. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mwezi wa saba. Akanipigia kelele nimletee maji, akaniita Baba Hafsa kwa sauti ya zamani. Nilikwenda kuyachota nikiwa mwepesi kama kijana. Nimeapa kisimani. Basi. Mipango imekwisha. Nyumba ni ya kukaa.

Saa tano, Mastura yuko ndani anatundika pazia la kwanza, bwana mmoja kasimamisha gari. Mfanyabiashara wa machungwa. Anatafuta nyumba karibu na barabara. Akauliza kama hii inauzwa. Nikamwambia haiuzwi, tumeingia juzi. Akasema pole, akawasha gari.

Nikamwuliza, kwa kutaka kujua tu, angetoa ngapi.

Akataja. Ni milioni tatu juu ya tuliyomlipa Noa. Kaitaja siku ya kwanza, bila kufikiri, dirisha likiwa wazi. Mtu wa namna hiyo tano anazo.

Atarudi Alhamisi saa nne. Mastura atakuwa kliniki na Hafsa na watoto. Si kwamba nitauza. Ni kujua bei tu, hakuna ubaya mtu kuijua bei ya mahali anapolala.

Jirani wa kushoto anafuga bata, kelele asubuhi mpaka jioni. Nimekwenda kujitambulisha. Ni mwanamke mtaratibu, jina lake Devota. Nimemwomba, kwa adabu zote, awahamishie nyuma hadi Alhamisi mchana.